Tazama Kidirisha cha Karani: Namna ya Kuzisoma Filamu za Uhalisia wa Kijamii

Katika filamu ya Kiitaliano Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyoongozwa na Vittorio De Sica mwaka 1948, Antonio Ricci anapata kazi ya kubandika mabango mjini Roma baada ya kusota muda mrefu bila ajira. Sharti la kazi ni baiskeli. Anayo, ila iko rehani. Mkewe, Maria, hapotezi muda kulalamika: anavua mashuka kitandani, anayakusanya, na wote wawili wanaongozana kwenda kuyaweka rehani ili baiskeli itoke. Karani anayapokea kupitia kidirisha, anayakagua, anataja bei, wanaombana kidogo, wanalipwa.

Hapo ndipo ukae macho. Antonio akiwa anasubiri kukabidhiwa baiskeli, mfanyakazi wa ndani anabeba furushi la mashuka yao kwenda kulihifadhi. Anaanza kukwea rafu. Kamera inamfuata kwa kuinua uso taratibu. Anakwea, anazidi kukwea, na kila anapopanda hatua tunaona mafurushi mengine, rafu juu ya rafu, hadi juu kabisa: mashuka ya nyumba nyingine, yaliyovuliwa vitanda vingine, kwa shida ileile.

Hakuna aliyetamka neno umaskini. Hakuna mzee aliyesimama kuhutubia juu ya ukosefu wa ajira baada ya vita. Ulikuwa ukitazama shida ya chumba kimoja, na kwa sekunde chache tu umeonyeshwa shida ya mji mzima.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzitazama filamu za namna hii kwa jicho la kazi: mwalimu anayetaka kuijadili filamu darasani, kijana anayejifunza kushika kamera, au mtazamaji aliyechoka kutoka kwenye filamu akisema imenigusa bila kujua imemgusaje. Swali la kutembea nalo ni moja, uliulize kila tukio zito linapopita: hapa nimeonyeshwa mtu mwenye mkosi, au nimeonyeshwa utaratibu uliowekwa na watu, unaomuumiza huyu na wenzake kwa namna moja? Filamu ya kuliza watu hukupa la kwanza. Uhalisia wa kijamii ukifanywa vizuri hukupa la pili, na hukupa kwa ufundi, si kwa mahubiri.

Kabla hujabonyeza

Chagua filamu moja uitazame mara mbili. Mara ya kwanza tazama kama mtu yeyote, usishike kalamu, ucheke na ukasirike inapobidi. Mara ya pili rudi kwenye matukio mawili au matatu tu. Nakushauri uchague yale ya kaunta, mlangoni au kwenye foleni, maana huko ndiko mtu asiye na kauli hukutana na wenye kauli. Zima sauti utazame picha tupu. Kisha rudia tukio hilohilo ukiwa umeipa skrini mgongo, usikilize tu. Andika kamera ilikuwa wapi, ilikuwa mbali kiasi gani, tukio lilikaa muda gani kabla ya kukatwa, na sauti gani zilisikika ambazo hazikutoka mdomoni mwa mtu. Saa ya simu inatosha kupimia.

Mazungumzo yaache mwisho. Tuliopita madarasa ya fasihi tulifundishwa fani na maudhui, lakini tukifika kwenye filamu wengi wetu fani tunaiacha mlangoni. Tunasema filamu hii inahusu rushwa, ile inahusu ndoa za utotoni, tumemaliza. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku nayo inahusu rushwa. Ukitaka kujua kwa nini filamu imekaa kichwani mwako na taarifa ya habari imepita, lazima uingie kwenye fani.

Kamera imesimama upande wa nani

Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli wa bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, kisha akaenda Moscow kusomea filamu alipoona kwamba watu aliowaandikia wengi wao hawasomi Kifaransa. Filamu yake Borom Sarret ya mwaka 1963 ina urefu wa dakika 20 hivi, na inafuata siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Ni shule nzima ndani ya dakika 20. Ukiwa na muda wa filamu moja tu wiki hii, iwe hiyo.

Karibu na mwisho, mteja aliyevaa vizuri anamshawishi dereva ampeleke Plateau, sehemu ya mji yenye maghorofa, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Dereva anajua, ila njaa nayo inajua. Wanafika, polisi anawasimamisha. Dereva anapotoa karatasi zake mfukoni, medali yake inaanguka chini. Polisi anaweka buti juu yake.

Angalia kamera imewekwa wapi. Imeshuka chini pamoja na mkono wa dereva. Kutoka huko chini tunamtazama polisi kama dereva anavyomtazama: mrefu, ana buti kwanza na uso baadaye, na nyuma yake majengo yanakwenda juu. Ingekuwa rahisi kuipiga picha hiyo kutoka pembeni, askari huku na dereva kule, sisi tukiwa mahakimu katikati. Sembène amekataa kutupa kiti cha hakimu. Na medali ni ya nani? Ni ya mtu aliyewahi kupewa heshima na dola. Sasa dola imeikanyaga. Hoja nzima juu ya uhuru uliokuja bila kumfikia mwenye mkokoteni imo kwenye buti na kiganja.

Kwa hiyo jifunze kuuliza kuhusu urefu wa kamera. Iko sawa na macho ya nani? Mkubwa akiwa ameketi na mnyonge amesimama, kamera imekaa na mkubwa au imesimama na mnyonge? Na katikati yao kuna nini: meza, kioo, nondo, mlango uliofunguliwa nusu? Ndugu wawili wa Ubelgiji, Jean-Pierre na Luc Dardenne, ni mabingwa wa jambo hilo. Katika Deux jours, une nuit ya mwaka 2014, Sandra ana wikendi moja ya kuwashawishi wafanyakazi wenzake 16 wapige kura aendelee na kazi, ilhali akibaki wao watakosa bonasi ya euro 1,000 kila mmoja. Anakwenda mlango kwa mlango. Tazama mstari unaomtenga na mwenzake kila wanapozungumza: ukingo wa ukuta, mwimo wa mlango, uzio. Wako ndani ya picha moja, bila kukatwa, lakini kila mmoja ana sehemu yake. Mwajiri aliyewapambanisha haonekani kwenye matukio hayo, ila mstari wake upo.

Umbali nao una kauli yake. Ndugu hao hao walipotengeneza Rosetta, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1999, waliibandika kamera kisogoni mwa msichana anayetafuta kazi kama mtu anayetafuta hewa. Filamu inaanza akiwa tayari yuko mbioni ndani ya kiwanda, amefukuzwa kazi, anabamiza milango, na kamera inahema nyuma yake. Mara nyingi hatumwoni usoni. Hatujui anakwenda wapi mpaka afike. Watu wengine hulalamika kwamba filamu ile inachosha, na ni kweli inachosha. Rosetta mwenyewe hana nafasi ya kurudi nyuma hatua mbili atazame maisha yake kwa upana, kwa nini sisi tupewe?

Ken Loach wa Uingereza amekwenda njia nyingine kabisa. Katika Kes ya mwaka 1969, iliyopigwa Barnsley, mji wa wachimba makaa ya mawe, yeye na mpiga picha wake Chris Menges waliisogeza kamera mbali na waigizaji, wakatumia lenzi ndefu na mwanga wa kawaida wa dirishani. Unapata picha ya mtu aliyesimama kando, anayeona na kujali lakini haingilii. Kuna tukio ofisini kwa mwalimu mkuu: vijana wameitwa kuchapwa kwa kuvuta sigara, na mtoto mmoja mdogo aliyetumwa kuleta ujumbe tu anajikuta kwenye mstari. Anajaribu kueleza, hapewi nafasi, anachapwa pamoja nao. Kamera haikimbilii machozi yake. Inatuacha tuwaone wote kwa pamoja, mkubwa anayezungumza peke yake na wadogo waliopangwa mstari, na humo ndimo inamokaa hasira ya filamu: mfumo ambao kusikiliza si sehemu ya kazi yake. Karibu sana, kama Dardenne, au mbali kidogo, kama Loach. Yote mawili yanafaa. Kisichofaa ni kamera inayosogea karibu pale tu mtu anapolia.

Foleni haikatwi

Mhariri wa filamu ya kusisimua hukata kila kitu kisichosogeza hadithi: kupanda ngazi, kutafuta funguo, kusubiri. Sasa fikiria filamu juu ya mtu ambaye kusubiri ndiyo adhabu yake. Ukikata kusubiri, umekata habari yenyewe.

Mandabi ya Sembène, ya mwaka 1968, ni mfano ambao msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefanya kazi Paris. Nyingi si zake: 20,000 azitunze kwa ajili ya kijana, 3,000 ampe mama yake kijana, 2,000 ndizo zake. Anakwenda posta. Anadaiwa kitambulisho. Anakwenda polisi kuomba kitambulisho. Anadaiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Anakwenda ofisi za jiji kutafuta cheti. Anaulizwa tarehe ya kuzaliwa, ambayo hana. Huku nyuma habari za hawala zimeenea mtaani na majirani wamekwisha kuja kukopa. Aliyewahi kuzunguka na barua ya mtendaji, kisha akaambiwa mtandao uko chini, njoo kesho, atacheka filamu hii kwa kicheko kile kinachouma.

Ufundi wake uko kwenye marudio. Ofisi zinafanana, kaunta zinafanana, karani hainui uso. Sembène hakumpa Dieng adui mwenye sura mbaya, na karani yeyote kati ya wale, peke yake, hana kosa kubwa: kila mmoja anafuata kanuni yake. Ni mpangilio wa matukio, moja baada ya jingine bila njia ya mkato, unaokuonyesha kwamba kanuni zote zikijumlishwa zinamla mtu. Angalia pia vazi. Dieng anatoka nyumbani na kanzu lake pana la Kisenegali, anatembea kwa madaha kama mwenye mji. Kila ofisi anayoingia, lile kanzu linaonekana limezidi nafasi. Mtu mwenye heshima mtaani kwake amekuwa mwombaji dirishani, na ni mbunifu wa mavazi aliyetueleza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nusu karne baadaye Loach alirudi kwenye kaunta ileile, upande wa Newcastle. Fundi seremala Daniel Blake ana miaka 59, moyo wake umeugua, daktari amemkataza kazi, lakini ofisi ya mafao inasema anaweza kufanya kazi. Anapiga simu kuuliza. Anasubirishwa saa 1 na dakika 48 huku muziki wa kusubirisha ukijirudia. Bila shaka filamu haikutukalisha muda wote huo, ila imetupa kiasi cha kutosha cha muziki ule wa furaha usio na haya hadi tukaanza kuuchukia. Hiyo ni hesabu ya uhariri: kiasi gani cha uchovu mtazamaji anahitaji ili aelewe, bila kuzima televisheni. Ukitazama I, Daniel Blake, iliyochukua tuzo kuu ya Cannes mwaka 2016, andika pia jinsi matukio mengi yanavyofifia na kuwa giza badala ya kukatwa ghafla. Skrini inakuwa nyeusi, unapumua, unafungua macho, bado yuko palepale.

Tukio linalokumbukwa zaidi kwenye filamu hiyo ni la kituo cha kugawa chakula bure. Katie, mama kijana wa watoto wawili aliyekuwa akijinyima ili watoto wale, anapewa mfuko na kuzungushwa kwenye rafu na mama mmoja mpole. Ghafla anageukia pembeni, anafungua kopo, anaanza kula kwa mkono palepale amesimama. Tukio lilipigwa katika kituo halisi, na watu wanaofanya kazi hiyo kweli. Kamera inabaki hatua chache nyuma, mahali ambapo mtu mwingine wa foleni angekuwa amesimama. Hakuna muziki. Hakuna picha ya karibu ya vidole. Ungekuwa mwongozaji mwenye pupa ungesogea. Loach amejua kwamba aibu ya Katie ni ya kuonekana, na kwamba kumsogelea ni kumwonea mara ya pili.

Masikio

Sehemu kubwa ya filamu zetu za Bongo humwambia mtazamaji lini alie. Kinanda kinaanza, sauti ya mwanamke inaimba kwa kuvuta, na bado mhusika hajafungua barua. Sisemi muziki ni haramu. Nasema muziki wa kuamuru machozi humgeuza mtazamaji kuwa mfiwa, na mfiwa haulizi maswali. Rosetta haina muziki wa nyuma hata kidogo. Badala yake kuna viatu kwenye matope, magari ya barabara kuu anayoivuka, pumzi, na mwishoni mtungi wa gesi anaouburuta, mzito kuliko yeye. Uzito wa mtungi ule unausikia kabla ya kuuona.

Sembène naye alitumia muziki, ila kama mpaka wa wilaya: mtaani kwa dereva kuna ala za nyuzi za Kisenegali, na mkokoteni ukiingia Plateau muziki wa Kizungu unashika zamu. Umevuka mstari bila kuonyeshwa ramani.

Sauti ya mhusika anayezungumza rohoni mwake, sisi tukimsikia, ni chombo kingine cha kuangaliwa. Katika La Noire de… ya mwaka 1966, Diouana, kijana aliyetoka Dakar kwenda kufanya kazi za ndani kwa Wafaransa huko Antibes, mdomoni anasema machache mno. Ni ndiyo bibi, ndiyo bwana. Ndani anawaka. Matajiri wake wanasikia mjakazi mkimya, sisi tunasikia mwanamke mwenye hesabu kali ya yote anayotendewa. Pengo kati ya sauti hizo mbili ndilo mada ya filamu.

Na kuna sauti za wasioonekana kabisa. Cathy Come Home, tamthilia ya Loach iliyorushwa na BBC tarehe 16 Novemba 1966 na kutazamwa na watu wapatao milioni 12, inahusu familia moja inayokosa makazi. Juu ya picha za nyumba mbovu, unasikia watu tofauti, bila kutajwa, wakieleza hali zao, na msomaji akitaja takwimu za nyumba zinazokosekana. Ni kazi ileile ya rafu za mashuka kule Roma, safari hii imefanywa kwa masikio. I, Daniel Blake pia inaanzia gizani: skrini nyeusi, majina ya waliohusika yanapita, na tunasikia mwanamke akimhoji Daniel maswali ya fomu, kama anaweza kuinua mkono avae kofia, huku yeye akijaribu kumweleza kwamba tatizo ni moyo. Tumeijua ofisi ile kwa sauti kabla hatujamwona mtu.

Nyuso na ndimi

Hapa nitapita haraka, maana jambo hili limesemwa sana. Lamberto Maggiorani, aliyeigiza Antonio Ricci, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji. Baadhi ya wanaoonekana nyuma ya madawati katika I, Daniel Blake waliwahi kufanya kazi hiyohiyo ya ofisini, na Dave Johns aliyeigiza Daniel alikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Loach hupiga matukio kwa mpangilio wa hadithi na huwapa waigizaji mswada vipande vipande, ili habari mbaya iwafike wao karibu na inapowafikia wahusika. Ufundi huu una faida, lakini usikubali udanganywe kwamba mtu wa mtaani akiwekwa mbele ya kamera basi ukweli umepatikana. Marion Cotillard ni nyota mkubwa, na ndiye Sandra wa wale Wabelgiji, hakuharibu kitu.

Lugha ndiyo inayostahili muda wako. Sembène alianza kwa Kifaransa kwa sababu za fedha na soko, na kwenye Mandabi akageukia Kiwolofu. Kifaransa kikabaki kinakaa pale kinapokaa maishani, yaani nyuma ya kaunta. Kwetu, chukua Nairobi Half Life ya David ‘Tosh’ Gitonga, ya mwaka 2012, ambayo kusema kweli ni filamu ya kusisimua iliyokopa jicho la uhalisia. Mwas anatoka kijijini kwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaibiwa kabla hajapata pa kulala, anaishia kwenye genge. Sikiliza anavyobadili ndimi: Kikuyu cha nyumbani, Kiswahili, Sheng ya wenzake wa mtaani, Kiingereza cha jukwaani. Kila mlango una lugha yake ya kuingilia, na aliyekosea lugha hafunguliwi. Ukiitazama na tafsiri ya maandishi peke yake, utapoteza nusu ya habari. Wewe unayezisikia lugha hizo una nafasi ambayo mhakiki wa London hana, itumie. Kes ilipata shida kama hiyo: lafudhi ya Barnsley ilikuwa nzito kiasi kwamba baadhi ya mazungumzo yalirekodiwa upya kwa ajili ya kuonyeshwa nje. Waliorekodi upya walielewa biashara. Sidhani kama walielewa filamu.

Usiamini kila kamera inayotikisika

Kamera ya mkononi, mwanga hafifu na nguo chafu siku hizi ni mapambo kama mapambo mengine. Matangazo ya kampuni za simu huyatumia. Kuna picha moja ambayo mimi binafsi imenichosha: ndege isiyo na rubani inapaa juu ya mabati yenye kutu ya mtaa wa mabanda, taratibu, kwa uzuri, na muziki. Kutoka angani hakuna mtu, kuna rangi. Filamu ikianza hivyo, subiri uone kama itashuka, na ikishuka itashukia kwa nani: mwenye nyumba, mpangaji, au mgeni aliyekuja kusaidia. Akiwa mgeni ndiye tunayemfuata mpaka mwisho, basi wakazi wamegeuzwa mandhari.

Uliza pia gharama ililipwa na nani. Lile tukio la viboko katika Kes, vijana walichapwa kweli, na waliohusika wamelisimulia. Picha iliyopatikana ina nguvu. Haki ya kuipata kwa njia hiyo ni mjadala mzuri wa kuuanzisha mbele ya darasa, na usiufunge mapema. Ukiwa wewe ndiye unayekwenda kupiga picha zahanati au sokoni, kubaliana na watu kabla ya kuwasha, na uwaonyeshe ulichopata. Mama ntilie akikuambia hapa nimetoka vibaya, msikilize: mara nyingi anachokulalamikia ni kwamba umempiga kutoka juu.

Jambo la mwisho la kulitilia shaka ni mwisho wenyewe. Borom Sarret inamrudisha dereva nyumbani na farasi bila mkokoteni. Mkewe anamkabidhi mtoto na kutoka nje, akisema leo watakula. Tunabaki na yule mwanamume na swali ambalo yeye mwenyewe hataki kulijibu. Antonio na mwanawe Bruno wanapotea katikati ya umati wanaotembea, migongo kati ya migongo. Ukikuta filamu ya shida za jamii ambayo tajiri mmoja mwema anajitokeza dakika za mwisho kulipa ada, karo na kodi, rudi kwenye lile swali la mkosi na utaratibu. Utaratibu haujaguswa, mmoja ameokotwa, wengine wako rafuni.

Pa kuanzia

Kwa kikundi cha watu kumi hivi, shuleni au kibarazani, anza na Borom Sarret kwa sababu ya ufupi wake: mnaweza kuitazama, mkabishana, mkairudia usiku huohuo. Simamisha kwenye buti la polisi, mwombe mmoja wao asimame mahali kamera ilipokuwa. Watu wakishakaa chini sakafuni na simu zao kujaribu pembe ile, maelezo yako hayahitajiki tena. Wiki inayofuata weka Mandabi, na kila mtu aje na hesabu ya kaunta ngapi Dieng amesimama mbele yake. Wezi wa Baiskeli inafaa wenye watoto, maana Bruno huwakamata. Ukiwa Unguja, fuatilia ratiba ya tamasha la filamu la ZIFF, ambako filamu za Afrika huonyeshwa kwenye skrini kubwa na mara nyingine mwongozaji yuko hapohapo wa kuulizwa kwa nini aliweka kamera pale.

I, Daniel Blake itazameni pamoja na mtu aliyewahi kukaa nyuma ya kaunta, karani, muuguzi wa mapokezi, mhasibu wa shule. Ana mengi ya kusema juu ya upande ule wa kioo, na mara nyingi si ya kujitetea. Rosetta iache ya mwisho, na usiitazame kwa simu ndani ya daladala: kamera ile inatikisika, gari nalo linatikisika, utashuka kituo si chako ukitafuta limau.